Laptopu Iliyobeba Kilo Zangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu tuongee. Nikishaanza sitaki mtu anikatishe na "aaa, wewe muongo bwana." Najua hapa Kibondo wananijua kwa utani. Mimi ndiye niliyemwambia mgeni mmoja wa kutoka Dar kwamba Waha tunapiga makofi tukisalimiana ili kufukuza inzi, na yeye akaandika kwenye daftari lake. Nakubali. Lakini hili nalokwambia si la utani. Limenipata mimi, na miguu yangu hii miwili ndiyo mashahidi. Ukibisha twende Kasulu, kwenye duka lolote la mazao lenye mizani, unipime bila begi langu hili, halafu unipime nikiwa nalo. Utanyamaza mwenyewe.

Jina langu sitakwambia. Siringi. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Nilikuwa mtu wa jenereta kwenye ofisi ya shirika moja la wakimbizi. Miaka ile Kibondo ilijaa mashirika, kila ukigeuka unaona gari jeupe lenye antena ndefu kama fimbo ya kuchungia. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta asubuhi, kuchaji betri za redio koo, zile redio za kuongelea na kambini, kufagia, na kuchekesha watu. Hiyo ya mwisho hawakunilipa. Karani wa ofisi alikuwa Edisoni.

Edisoni nilisoma naye Kitahana, dawati moja, kuanzia la kwanza mpaka la saba. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapa hapa, Kiha chake na changu hujui kipi ni kipi. Na sikiliza vizuri hapa: hesabu alikuwa ananakili kwangu. Kwangu mimi! Anainama kama anafunga kiatu, na viatu hatukuwa navyo. Tukafanya mtihani wa la saba. Majina ya waliochaguliwa yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Nikasoma kutoka juu mpaka chini, nikarudi kutoka chini mpaka juu. La Edisoni lipo. Langu halipo. Nikasoma na nyuma ya karatasi, pale ilipobanduka kidogo. Halipo.

Edisoni akaenda sekondari, mimi nikaenda kwenye mihogo. Miaka ikapita, tukakutana tena ofisi moja, yeye ana kiti cha ofisini chenye magurudumu, mimi nina galoni ya dizeli. Alinisalimia vizuri kila siku. Wala hakunidharau hata mara moja. Na hilo ndilo lililonichoma, unanielewa? Angenidharau ningepata pa kuanzia.

Sasa, pale barazani tulikuwa na benchi la wageni. Fundi aliyelitengeneza aliweka miguu katikati mno, kwa hiyo ukikaa mwishoni peke yako, upande wa pili unanyanyuka, puu, uko chini. Nililipenda lile benchi kuliko mshahara. Mgeni akija nilikuwa namwambia, "Karibu, kaa pale pembeni, kuna upepo." Likumbuke hilo benchi.

Siku moja Mama Generoza, bosi wetu, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko Burundi, akasema shirika litanunua kompyuta ya kubeba, laptopu. Ile kubwa ya mezani haiwezi kwenda kambini, na yeye amechoka Edisoni kuandika orodha kwenye karatasi, mvua inanyesha, wino unatiririka, majina ya watu yanakuwa supu. Akatutuma Kasulu, mimi na Edisoni. Mimi nilikuwa mlinzi wa mzigo.

Kasulu tulikwenda kwa Bwana Sudi. Mzee wa pwani huyu, kaja zamani na treni akasahau kurudi. Anauza redio, taa, nguo, na msimu wa maharage ananunua maharage. Alikuwa ameletewa laptopu mbili kutoka Dar. Akaziweka juu ya kaunta. "Wanangu, huyu baba na huyu mtoto. Chagueni."

Ile baba ilikuwa nene, nyeusi, ina mlango wa diski ubavuni, inakaa mezani kama mtu aliyeshiba. Ile mtoto ilikuwa nyembamba kama sahani, na sehemu ya kuingizia diski imetenganishwa, unaichomeka kwa waya ukiihitaji.

Mimi nikasema baba. Wewe ungesema ipi? Nyumbani kwetu jembe jepesi hulinunui, kuku mwepesi humnunui, gunia likiwa jepesi unajua wadudu wamekula. Nikamwambia Bwana Sudi azipime. Akacheka mpaka kofia ikahama. "Miaka yote niko Kasulu, kompyuta kupimwa kama maharage ndiyo leo!" Lakini akapima. Akaitia mtoto kwenye kikapu, akakining'iniza kwenye ndoano ya mizani ndogo, mshale ukasimama kwenye kilo mbili. Baba, kilo nne na zaidi. Na mimi kwa utani nikaruka juu ya mizani kubwa ya magunia. Sitini na mbili.

"Huyu hafikii hata gunia," akasema Bwana Sudi.

"Gunia halina sura kama hii, mzee," nikamjibu. Duka zima likacheka. Ziweke hizo namba mahali: mbili, na sitini na mbili.

Edisoni hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mtoto juu ya mapaja yake, anafungua, anafunga, anabonyeza herufi moja moja kama mtu anayechagua nyanya. Akauliza betri inakaa saa ngapi. Akauliza kioo kinaonekana juani? Akaipeleka mlangoni akaangalia. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona: akaitia kwenye begi, akalivaa begani, akaenda nalo mpaka sokoni akarudi. Kisha akafanya hivyo hivyo na ile nzito. Akarudi anajikanda bega.

"Nachukua nyepesi," akasema.

"Edi, hiyo ni tupu," nikamwambia. "Kitu chepesi kina nini ndani? Umenunua kifuniko."

"Wewe utaibeba kila siku mpaka kambini kwa pikipiki?"

"Wakiniambia nitaibeba!"

"Hawajakuambia," akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Alisema tu.

Tulirudi Ijumaa jioni. Mama Generoza akainyanyua kwa mkono mmoja. "He! Kama Biblia! Edisoni, una akili wewe mtoto." Halafu akanigeukia. "Na wewe nasikia ulitaka tununue jiwe la kusagia?" Wakacheka wote, dereva, mpishi, mpaka yule mama wa stoo ambaye hacheki. Mimi nachekesha watu, ndugu yangu. Kuchekwa sijazoea. Mama akasema Jumatatu Edisoni ataiwasha kwa mara ya kwanza na kuiandaa, na itakuwa chini yake, mtu mwingine asiguse. Boksi likafungiwa stoo.

Jumamosi sikula. Naapa. Nilikuwa naona vidole vya Edisoni juu ya zile herufi, vidole vilevile vilivyonakili hesabu zangu. Na nani alikuwa na ufunguo wa stoo, kwa sababu dizeli inakaa stoo? Mimi.

Jumapili watu wote wakaenda kanisani. Mvua ya manyunyu, ule ukungu wetu wa huku juu ambao ukitoka nje huoni choo kiko wapi. Nikawasha jenereta. Mtu akiuliza nachaji betri za redio koo. Nikatoa boksi, nikaiweka laptopu kwenye meza ndogo ya barazani, karibu na soketi, nikachomeka chaja, nikabonyeza kile kitufe.

Ikalia kidogo, kama kifaranga. Kioo kikawaka rangi ya samawati. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu. Halafu likaja dirisha lenye maandishi ya Kiingereza na kamstari kadogo kanakonyeza, kanakonyeza, kanasubiri. Sasa Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye "gudi moningi ticha." Nikabonyeza hapa, ikalia. Nikabonyeza pale, ikalia. Nikaanza kutoka jasho.

"Hodi."

Nikageuka. Mtu amesimama kwenye ngazi ya baraza. Koti la kahawia, kofia ya zamani, umri kama wa kaka yangu mkubwa. Sikuwa nimesikia mlango wa geti, na geti letu linapiga kelele kama mbuzi. Sikujali. Niliona ni mgeni wa Mama Generoza, nikaogopa ataniripoti.

Nikamsalimia kwa heshima, nikainama, nikapiga makofi yetu. "Mwakeye." Na yeye akainama, akapiga makofi. "Mwakeye." Mikono yake ilikutana, niliiona inakutana. Sikusikia kitu. Nikasema ni jenereta inapiga kelele.

"Karibu ukae, mzee. Pale pembeni, kuna upepo."

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Hata siku hiyo, na hofu yote ile, utani ulinizidi. Akaenda akakaa mwisho kabisa wa benchi. Nikasubiri puu.

Benchi halikutikisika.

Sikiliza. Nimeona pale pakianguka padri, nimeona akianguka askari na bunduki yake. Hata mtoto wa mpishi analinyanyua. Huyu alikaa, akakunja miguu, akaweka kofia juu ya goti, na benchi kimya kama hakuna mtu. Hapo ndipo nikaangalia koti. Mvua inanyesha, koti kavu. Viatu visafi, kwenye tope letu hili jekundu ambalo hata kuku linamvalisha soksi.

Utaniuliza mbona sikukimbia. Ningekimbia niache laptopu ya watu inawaka? Na zaidi ya hapo, akasema neno likanibakisha.

"Inauliza mwenyewe ni nani."

"Nini?"

"Hiyo mashine. Inataka jina la mwenyewe. Ukishaandika haitauliza tena." Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni.

"Mwenyewe ni shirika," nikasema. "Au Edisoni."

"Edisoni yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi kwa nini uandike lake? Lilishaandikwa mara moja ukutani, linatosha."

Nywele zilinisimama, nikuambie ukweli. Alijuaje ule ukuta? Lakini angalia wivu ulivyo: badala ya kujiuliza amejuaje, mimi nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu anayejua.

Akaendelea polepole, anaangalia mvua. "Ulisema dukani kwamba ni tupu. Ulisema kweli. Ni tupu. Ijaze."

"Niijaze na nini?"

"Unataka nini wewe?"

Nikasema. Hakuna aliyenilazimisha, mdomo wangu mwenyewe. Nikasema, "Nataka imlemee. Nataka akiibeba, ajue kwamba alichagua vibaya."

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayekuona umevaa shati lake la zamani. "Mimi na mwenzangu ilikuwa baiskeli," akasema. "Yake ya kwanza kijiji kizima. Aliisukuma mlimani mpaka ikamshinda, akaiacha. Andika, kijana."

Nikaandika. Kwa kidole kimoja, jina langu na la baba yangu, yote mawili, herufi kubwa. Nikaangalia jina langu linawaka pale juu, limeandikwa vizuri, halijabandikwa chini ya mtu yeyote. Nikabonyeza kile kitufe kirefu anachobonyezaga Edisoni.

Umewahi kuwa juu ya lori, likaruka shimo la Makere, ukabaki hewani kidogo kabla hujarudi kwenye mzigo? Ndivyo nilivyosikia. Ila sikurudi.

Nilipogeuka mgeni alikuwa ameshashuka ngazi, anaenda getini, anaingia kwenye ukungu. Geti halikulia. Nikachungulia njia aliyopita. Tope laini, limenyeshewa usiku kucha. Nikaona nyayo zangu za asubuhi. Nikaona za kuku. Za mtu mwingine, hakuna.

Nilizima kila kitu, nikarudisha laptopu kwenye boksi. Niliona inanivuta mikono. Nikasema ni njaa ya jana.

Jumatatu Edisoni akafungua boksi mbele ya wote. Akaishika kwa mkono mmoja, ikamponyoka nusura ianguke. "He! Mbona nzito?" Wakamcheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi. Halafu akaiwasha, akainamisha kioo mtu asione. Akaniangalia. Alikuwa amesoma jina.

"Vipi, Edisoni, imeharibika?" Mama Generoza akauliza.

"Hapana Mama. Nilimwomba huyu mwenzangu aniwashie jana, tuone kama inachaji."

Akanifunika. Mbele ya watu. Kusamehewa na mtu unayemwonea wivu, rafiki yangu, ni afadhali upigwe. Usiku ule nilimchukia zaidi ya siku zote. Na kesho yake asubuhi nikamwona anafunga begi kwenye pikipiki, anavuta pumzi, anatumia mikono miwili.

Ikawa hivyo wiki hata wiki. Akisifiwa, mimi nachemka, na begi linaongezeka. Mkanda ulikatika, akaushona. Ukakatika tena. Bega lake la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Dereva akamtania kwamba anaiba misumari ya kambini. Na mimi? Mimi nilianza kuona mambo. Nikipita kwenye tope, nyayo zangu zinakuwa ndogo kwa kina, kama za mtoto. Upepo wa jioni ukipiga, nashika nguzo. Siku moja nikakaa mwisho wa lile benchi, kwa makusudi. Likanyanyuka taratibu, kama linafikiria kwanza.

Nikamkumbuka yule wa koti la kahawia. Kwake halikufikiria kabisa. Yeye uzito wake ulishakwisha wote.

Hapo niliogopa, lakini sikusema. Ningesema nini? "Edi, samahani, nimo kwenye begi lako"? Nikanyamaza mpaka siku ile ya mvua, kwenye daraja la miti la Kitahana. Edisoni alikuwa anarudi kutoka kambini. Pikipiki ikateleza kidogo tu, mteremko ambao hata mzee anapita. Mtu mwingine angeweka mguu chini. Yeye begi lilimvuta. Walimtoa kwenye korongo bega limevunjika, begi bado begani, na waliomtoa walisema walimnyanyua mtu mmoja wakasikia wawili.

Kwenye korongo lile, miti ya daraja ingemchoma kifua, leo ningekuwa nakusimulia kisa kingine. Au nisingesimulia.

Alipotoka hospitali, mkono kwenye kitambaa, Mama Generoza akasema laptopu ipelekwe kwa Bwana Sudi aifungue aone kuna nini. Tukaenda wote wawili. Mimi niliishika mapajani kwenye gari, na nakwambia, njia nzima sikuwahi kukaa vizuri kwenye kiti kama siku ile. Gari linaruka, mimi nimetulia.

Bwana Sudi akaishika. "Wanangu, mmejaza nini humu, mahindi?" Akafungua kwa bisibisi, akafunua chini, akachungulia na tochi. Hakuna kitu. Nyaya, vumbi, buibui mmoja mdogo. Akafunga. Akaitia kwenye kikapu kilekile, ndoano ileile. Mshale ukashuka, ukashuka, ukasimama kwenye kilo kumi na moja.

Bwana Sudi akasoma dua, akarudi nyuma hatua mbili.

Mimi nikaenda nikapanda mizani ya magunia. Hakuna aliyeniambia. Hamsini na tatu.

Hesabu mwenyewe. Mimi nimeishia la saba lakini hiyo naiweza, na Edisoni aliyekuwa ananakili kwangu, safari hii hakunakili. Nilimwona midomo inatembea. Akaangalia kikapu, akaniangalia mimi.

"Kiingereza hukijui. Nani alikuwa na wewe Jumapili ile?"

Nikamwambia yote. Ukuta wa ofisi ya kata, mgeni, benchi, nilichokiomba. Nililia, sikufichi, mbele ya wanunuzi wa maharage. Bwana Sudi alikuwa anapepesa macho tu.

Edisoni akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu nakubeba wewe?"

"Ego," nikasema. Ndiyo.

"Nimejaribu kulifuta jina lako. Halifutiki."

"Najua."

Nilidhani atanipiga na ule mkono mzima. Akainua kidevu kuelekea kwenye kikapu.

"Basi jibebe."

Nikalivaa begi. Na hapo, mbele ya duka la Bwana Sudi, kwenye tope la Kasulu, nikapiga hatua moja, nikageuka kuangalia. Unyayo umezama mpaka kwenye kifundo, mzuri, mzito, wangu. Sijawahi kupenda kitu kama kile kishimo.

Tangu siku hiyo nikawa mbebaji wa Edisoni. Kambini, Nyakitonto, Makere, popote anapokwenda yeye kuandika, mimi nyuma na begi. Watu walinicheka: mchekeshaji kawa punda wa karani. Mimi nalibeba. Nikiliweka chini muda mrefu, upepo unanijua. Akiandika nakaa karibu, naweka goti langu ligusane na meza.

Mwisho kile kioo kilikufa, vumbi na tope vimekimaliza. Mama Generoza akasema itupwe. Nikaiomba. Edisoni ndiye aliyemshawishi anipe, na wala hakumwambia sababu. Kwa hiyo ukiniona Kibondo na begi la laptopu, hata naenda kuoga mtoni, usidhani naringa. Haiwaki. Ndani nimo mimi, kilo tisa kwa hesabu ya siku ile dukani.

Ilikuwa inapungua, nakuhakikishia. Nilikuwa napitia dukani kwa Bwana Sudi kila nikipata gari la Kasulu, na mshale ulikuwa unapanda kidogo kidogo kurudi juu. Kumi na moja ikawa tisa, ikawa saba. Nikaona karibu nitapona. Halafu mwezi uliopita Edisoni akaja kuniaga. Kapata kazi kubwa, shirika lingine, Kigoma mjini. Akanionyesha laptopu yake mpya. Nyembamba kuliko ile. Akaniambia, "Shika uone." Sikuishika. Nilificha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hongera Edi," nikasema. Na nilitaka iwe hongera ya kweli. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote.

Alipoondoka niliangalia chini nilipokuwa nimesimama. Kulikuwa kumenyesha. Zilikuwepo nyayo zake, zinaenda mpaka kwenye gari. Zangu, maana begi nilikuwa nimeliweka chini tangu alipofika, ilibidi niiname kuzitafuta. Na nilipolivaa begi, mkanda ukanikata bega.

Kwa hiyo nimekuonya. Ukichukia mali ya mwenzio, ichukie kimyakimya, halafu nenda kalime. Usiifungue ukiwa peke yako Jumapili. Na akija mtu mwenye viatu visafi siku ya matope, kabla hujampigia makofi, mwelekeze kwenye benchi bovu. Likikaa kimya, wewe ndiye ukimbie.

Nini? Jina langu? Si nimeshakwambia sitalitaja. Nimeliandika mara moja tu kwenye mali ya mwenzangu, na bado nalibeba.